MLOWEZI WA KISAUNI: KUFUATA NASABA ILIYOSHUKA JAHAZINI

Ukisikia neno mlowezi bila shaka humwona Mzungu mwenye kofia pana na shamba lake kule bara. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka mwalimu wetu wa historia alipotuagiza tuandike nasaba zetu, vizazi vinne. Wenzangu walijaza karatasi mbio mbio. Mimi nikakwama kwa baba yake babu. Nilipomwuliza bibi, akanijibu, "Mjukuu wangu, sisi tulishuka jahazini. Kabla ya jahazi sijui."

Bibi anakaa Kisauni, si mbali na Kengeleni. Makanga huita jina hilo kutwa kucha, lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kuuliza ni kengele gani? Ni ile ya Freretown, iliyopigwa kuwaonya wakazi kwamba washambulizi wanakuja kuwateka tena.

Habari yenyewe ni hii. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zikawa zinakamata majahazi, na watu waliookolewa wakahitaji pa kukaa. Mwaka 1875 misheni ya CMS ikaanzisha kijiji hapa Kisauni, kikapewa jina la Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja kushughulikia mkataba huo. Basi hao nao walikuwa walowezi, ila hawakuchagua kuja.

Ugumu wa kuwafuata uko kwenye majina. Mtu alitekwa akiwa na jina la kwao, akabatizwa, akapata jingine. Wengine walilelewa Nasik, Bara Hindi, wakaja na majina kamili ya Kizungu, mfano William Jones na George David. Sasa ukimkuta babu yako anaitwa Jones, utajuaje kwao ni wapi?

Ukoo wa Mbotela ulipona shida hiyo kwa sababu kuna aliyeandika. James Mbotela alisimulia habari za babake, aliyetekwa pande za Ziwa Nyasa, katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Ni ukoo huo uliotuletea Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, na Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa "Je, Huu ni Uungwana?", aliyefariki Februari 2025.

Sisi wengine tutaanzia wapi? Anza na wazee, tena upesi, maana hawangoji. Uliza jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, na lugha waliyosema walipokasirika (hapo ndipo lugha ya mama hutoka!). Kisha nenda kanisani ukaombe daftari za ubatizo, ndoa na maziko. Barua na ripoti za CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Makaburi nayo yatazame, ingawa si yote yenye maandishi. Rosina, mkewe Krapf, aliyefariki mwaka 1844 pamoja na mtoto wake mchanga, kaburi lake upande wa Nyali lajulikana hata leo. Mlowezi wa jahazini huenda alipandiwa mti tu.

Mimi nimeanza na bibi. Amekumbuka maneno mawili ambayo mkwewe alikuwa akiyasema. Maana yake haijui, nami nimeyaandika vile vile anavyoyatamka. Karatasi niliirudisha na nafasi moja tupu, mwalimu akanipa saba kwa kumi.