Je, Wajua? Kasti Ilivyopanda Meli

Je, wajua kwamba neno kasti, ambalo dunia nzima hulitumia kwa matabaka ya kuzaliwa ya Wahindi, si la Kihindi hata kidogo? Limetoka kwa Wareno, wale wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593! Wahindi wenyewe husema jati.

Je, wajua kwamba Katiba ya India ya 1950 haikufuta kasti? Ifungue ibara ya 17 uone: ilipiga marufuku kumtenga mtu kama najisi, basi. Kasti yenyewe iliachwa.

Aliyeongoza kamati ya kuiandika katiba hiyo, B.R. Ambedkar, alizaliwa Dalit, katika hao hao waliotengwa. Mwaka 1916, kijana wa miaka 25 akisoma New York, tayari alikuwa amelibeba onyo la mtaalamu mwenzake: Wahindu wakihama, kasti itakuwa tatizo la dunia.

Sogea karibu, hii ndiyo niipendayo. Mwaka 1923 Kalasinga mmoja, Bhagat Singh Thind, aliyevaa sare za jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza, alitetea uraia wake mbele ya Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Enzi hizo mhamiaji hakupewa uraia ila awe mzungu au mwenye asili ya Afrika. Basi hoja ikawa gani? Kwamba yeye ni wa kasti ya juu, kwa hiyo ni mzungu! Majaji wote walimkatalia, tarehe 19 Februari.

Sasa hesabu miaka 100 na siku 2. Tarehe 21 Februari 2023, madiwani wa Seattle walipiga kura 6 kwa 1 kupiga marufuku ubaguzi wa kasti, jiji la kwanza Marekani kufanya hivyo. Na aliyeuleta muswada, Kshama Sawant, ametoka familia ya Kibrahmini, kasti ya juu kabisa!

Utajuaje kasti ya mtu aliyevaa jinzi na fulana ofisini California? Humwulizi. Unampigapiga begani, "Vipi, ndugu yangu!", huku vidole vinatafuta uzi. Wanaume wengi wa Kibrahmini huvaa uzi mtakatifu chini ya shati, toka bega la kushoto hadi kiuno cha kulia. Uzi usipopatikana, anaulizwa jina la ukoo. Jina nalo lisiposema kitu, anaulizwa kama anakula nyama. Swali la chakula cha mchana, kumbe ni upelelezi!

Bunge la California lilipitisha muswada wa kuukomesha mchezo huo. Gavana Gavin Newsom akakataa kuutia saini Oktoba 2023, akisema sheria zilizopo zinatosha.

Uingereza je? Mwaka 2013 Bunge lilimwagiza waziri aiingize kasti katika sheria ya usawa. Serikali ikaomba maoni, yakaja zaidi ya 16,000, na mwaka 2018 ikatangaza kwamba haiingizi. Lakini mahakama hazikungoja: mwaka 2015 mtumishi wa ndani kutoka India, aliyedai pia kubaguliwa kwa kasti yake na aliyefanyishwa kazi saa 18 kwa siku huko Milton Keynes kwa peni 11 kwa saa, alipewa malimbikizo ya mshahara ya pauni 183,773. Alikuwa akilala kwenye godoro la sifongo sakafuni.

Unadhani kasti ni ya Wahindu tu? Wagoa wa Nairobi, wenye asili ya Goa huko India, ni Wakatoliki, misa moja, padri mmoja. Bado kasti iliwagawa: mafundi cherehani walikuwa na chama chao, na makarani klabu zao!

Na Kalasinga maseremala na wahunzi, Waramgarhia, walijenga hekalu lao Nairobi lenye jina la kasti yao. Walipohamia Uingereza, walijenga mengine kwa jina lile lile.

Magazeti yaliandika kwamba Seattle ilikuwa ya kwanza duniani, nje ya Asia Kusini, kuitaja kasti katika sheria. Wewe usikubali. Mauritius, kisiwa jirani yetu katika Bahari ya Hindi, ambako vibarua kutoka India walianza kushushwa mwaka 1834 kulima miwa, kimeitaja kasti katika ibara ya 16 ya katiba yake tangu 1968. Kimeitangulia Seattle kwa miaka 55!