Rekodi za mavi ya chuma

Kokoto zenye rekodi za kushangaza hazichimbwi mlimani. Hutoka kwenye tanuri la chuma, ambamo mawe ya chokaa huvuta uchafu wa madini, vikayeyuka pamoja na kuelea juu ya chuma kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi. Yakimwagwa, yakapoa na kupondwa, mavi hayo ya chuma huwa kokoto tayari kwa zege.

Kwa wingi, hesabu inatisha. Kila tani ya chuma huacha kilo 250 hadi 300, na dunia nzima hupata zaidi ya tani milioni 300 kwa mwaka, nyingi zikitoka China.

Kwa ukubwa wa kazi moja, kura yangu inakwenda South Gare, gati la kuzuia mawimbi kwenye mlango wa mto Tees, Uingereza. Meli zilikuwa zikikwama pale kwenye mafungu ya mchanga, huku wenye viwanda vya chuma wakikosa pa kutupa mavi yao. Ikafika mahali wakalipa ili wapunguziwe mzigo. Ujenzi ulianza 1861, gati likafunguliwa rasmi 1888. Tani milioni 5 za mavi ziliingia baharini, na saruji tani 18,000 tu. Mpaka leo mawimbi ya Bahari ya Kaskazini yanaligonga.

Bahati kubwa kuliko zote ilimwangukia mhandisi wa barabara Edgar Purnell Hooley mwaka 1901. Pipa la lami lilipasuka barabarani karibu na kiwanda cha chuma cha Denby, Uingereza, mtu akamwagia mavi ya chuma kuficha uchafu. Hooley akaona hapatimki vumbi. Mwaka uliofuata akapata hataza ya mchanganyiko huo wa lami na mavi ya chuma.

Kokoto nyepesi kuliko zote ni zile zinazorushiwa maji zingali za moto, kisha pipa linalozunguka likazitupa hewani: hutua zikiwa vidonge vyenye vitundu ndani. Hata za kawaida zina vitundu, ndiyo maana fundi mjuzi huzilowesha kabla ya kuchanganya, la sivyo zitafyonza maji ya zege.

Korofi kupita zote ni mavi ya chuma cha pua na vyuma vingine vinavyosafishwa hatua ya pili. Yana chokaa isiyoshikana na kitu. Ikipata unyevu huvimba, na sakafu ikapasuka. Kwa macho yanafanana na yale mema, kwa hiyo mnunuzi makini huuliza kwanza yametoka tanuri gani, bei baadaye.