Shingo ya Mpiga Mieleka

Juma lililopita tulizungumza habari za uti wa mgongo. Leo tutapanda juu kidogo, tufike shingoni. Najua baadhi yenu mna vijana wanaocheza mieleka au judo, na wengine mnacheza wenyewe. Sikilizeni vizuri, maana leo tutataja habari za vifo.

Ukimwuliza kijana, "Nguvu za mpiga mieleka ziko wapi?" atakunja mkono akuonyeshe msuli. Ni kweli, mkono una kazi yake. Lakini sasa weka mkono wako nyuma ya shingo, inamisha kichwa polepole, kisha kiinue. Umesikia misuli ikikaza chini ya vidole? Misuli hiyo hushika pingili 7 za shingo, na juu ya pingili hizo kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo 4 au 5. Ni kama tikiti maji lililowekwa juu ya fimbo. Mtu akiisukuma fimbo kwa ghafula, tikiti hubaki nyuma kidogo, halafu hurushwa kwa nguvu.

Ndani ya kichwa mna ubongo. Ubongo haukugandamana na fuvu. Umezungukwa na maji, nao waweza kusogea kidogo. Kati ya ubongo na utando mgumu ulio chini ya fuvu kuna mishipa midogo ya damu. Kichwa kikirushwa kwa nguvu, fuvu husimama kwanza na ubongo huendelea kwenda. Mishipa ile huvutwa, na pengine hukatika. Damu humwagika ndani, mahali pasipo na njia ya kutokea, ikaubana ubongo. Tena angalieni: si lazima kichwa kipige chini. Kurushwa peke yake kwaweza kuikata mishipa.

Mtasema, "Mwalimu anatutisha." Basi niwaeleze yaliyotokea Japani.

Japani ndiko judo ilikozaliwa. Mwalimu Kano Jigoro alianzisha shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, katika chumba kidogo cha hekalu chenye mikeka 12. Leo judo huchezwa duniani kote, na kwetu Zanzibar pia wapo waichezao. Nchi ile ina walimu wengi wa judo na mikeka mizuri. Hata hivyo, kati ya mwaka 1983 na 2011, wanafunzi zaidi ya 100 wa shule za sekondari walikufa katika judo ya shuleni. Wengi walikufa kwa kuumia kichwa, na wengi walikuwa katika mwaka wao wa kwanza wa mchezo.

Madaktari walichunguza ajali 30 za kichwa zilizopelekwa katika chama cha judo cha nchi ile kati ya mwaka 2003 na 2010. Watu 15 kati ya hao 30 walikufa. Karibu wote walikuwa na damu iliyomwagika juu ya ubongo, kama nilivyoeleza. Na mtupo uliotajwa mara nyingi ni ule unaoitwa osotogari: mshindani wako anapitisha mguu nyuma ya mguu wako, anaufagia, nawe unaanguka kinyumenyume. Aliyezoea huvuta kidevu kifuani na kuanguka kwa mgongo. Mgeni, ambaye shingo yake bado ni dhaifu na hajui kuanguka, kichwa chake hubaki nyuma kama lile tikiti.

Wazazi waliofiwa waliungana mwaka 2010 wakaunda chama chao. Hawakuomba judo ipigwe marufuku. Waliuliza kwa nini mtoto wa miezi miwili anatupwa na mtu mzima aliyekomaa, na kwa nini mwalimu hajui dalili za ubongo kuumia. Mimi naona waliuliza sawasawa. Baadaye chama cha judo kilitaka walimu wawe na vyeti, na katika miaka iliyofuata vifo vilipungua sana.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua daftari, uandike neno hili: KIDEVU.

Somo la kwanza la mgeni ni kuanguka, wala si kuangusha. Chuchumaa juu ya mkeka au mchanga laini. Kunja mikono kifuani. Vuta kidevu, utazame fundo la mshipi wako, wala usiache kulitazama mpaka mwisho. Jiachie nyuma, mgongo ukiwa umepinda kama tumbo la mtumbwi, uviringike. Mgongo ukigusa chini, piga mkeka kwa mikono yote miwili, viganja vikitazama chini, mikono ikiwa imetanuka kidogo tu kutoka ubavuni. Pigo lile hugawanya uzito wa kuanguka, usije wote mahali pamoja. Usitangulize mkono mmoja nyuma ili kujizuia. Wanaofanya hivyo ndio wanaovunjika kifundo cha mkono au kuteguka kiwiko.

Fanya hivyo kwa kuchuchumaa siku nyingi. Halafu kwa kuinama. Halafu kwa kusimama. Mwisho kabisa mwenzako akuangushe taratibu, akiwa amekushika mkono wa nguo mpaka ufike chini. Kijana atachoka na kusema kwamba hakuja kuanguka-anguka kama mtoto. Mwache aseme.

Pamoja na hayo tuijenge shingo. Hutaki chuma wala mashine. Keti wima. Weka kiganja kwenye paji la uso. Sukuma kichwa mbele, na kiganja kikizuie, hata kichwa kisisogee hata kidogo. Hesabu polepole mpaka 10, huku ukivuta pumzi kama kawaida. Pumzika. Kisha weka viganja kisogoni usukume nyuma. Kisha upande wa kuume, kisha wa kushoto. Rudia mara 3, siku 3 katika juma. Juma la kwanza tumia nusu ya nguvu zako tu, na uongeze kidogo kidogo. Ukisikia ganzi, au maumivu yanayoshuka mkononi kama moto, acha mara moja uende kwa daktari.

Pengine mmewaona wapiga mieleka wakubwa wakifanya daraja: mtu analala chali, anainuka, mwili wote unasimama juu ya utosi na miguu. Wengine huvutiwa sana na mazoezi hayo. Mimi sipendi mgeni ayaanze, kwa sababu yanabana pingili za shingo kabla misuli haijawa tayari kuzilinda. Wenye kuyajua wayafanye mbele ya mwalimu wao.

Nguvu nyingine nitazipitia upesi. Kuchuchumaa na kuinuka, kwa ajili ya mapaja na magoti. Kupanda kamba au kujivuta juu ya tawi, kwa ajili ya mgongo na mikono. Kumbeba mwenzako mgongoni hatua 20. Siku ya kazi nzito ifuatwe na siku ya kupumzika. Mtu aliyechoka kidevu chake huweza kulegea, na yeye mwenyewe asijue.

Msikilizaji mmoja ataniuliza: "Je, kijana akianguka vibaya, akainuka, akasema hajambo?" Asirudi kucheza siku ile. Damu inayomwagika juu ya ubongo yaweza kuwa kidogo kidogo. Mtu hucheka na wenzake, na baada ya saa chache hali ikageuka. Mtazameni. Akitapika, akisema kichwa kinazidi kumwuma, akiongea maneno yasiyopangika, akisinzia hata ni vigumu kumwamsha, mkono au mguu mmoja ukilegea, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko ya pili, mpelekeni hospitali saa ile ile. Msimpe maji ya moto wala kumkanda. Msingoje asubuhi.

Na kama kichwa kimeuma siku 2 au 3 baada ya mazoezi, hata kama ni maumivu madogo, asiguse mkeka mpaka daktari amwone. Kijana hatasema mwenyewe, kwa kuogopa kuchekwa au kuachwa nje ya mashindano. Mwulizeni ninyi, na mwulizeni akiwa peke yake.

Kwa juma hili, kila mmoja ajaribu zoezi la kiganja na paji la uso, vijana na wazee, kwa maana halina dhara kwa mwenye shingo nzima. Andikeni daftarini mmehesabu mpaka ngapi kabla ya kuchoka. Juma lijalo tutazungumza habari za goti. Kwaherini.