Kuchuchumaa na Mzigo: Namna ya Kulinda Mgongo



Tangu mwaka wa 1911, tanuru ya kwanza ya shaba ilipowashwa Lubumbashi, watu wa migodini wanakula chakula cha mashamba ya vijiji. Unga wa mihogo, mahindi, karanga, na tena makala ya kupikia: vitu hivi vyote, kabla ya kufika sokoni, vimeinuliwa kutoka chini kwa mgongo wa mtu. Tunahesabu mifuko, tunahesabu bei, lakini migongo hatuihesabu. Mpini wa jembe ukivunjika, tutachonga mwingine. Mgongo ukivunjika, nani atachonga?

Mimi moniteri nilijifunza neno hili kwa maumivu. Siku moja ya soko mfuko wa mahindi wa kilo 50 ulikuwa chini mbele yangu. Nilisimama magoti yamenyooka, nikainama, nikashika pembe za mfuko, nikauvuta, na papo hapo nikageuka kumtazama mtu aliyeniita. Nikasikia kiunoni kitu kama kamba inayokatika. Majuma matatu sikushika jembe. Mama yangu alipalilia peke yake, na nusu ya shamba letu ikaliwa na majani. Mama mkubwa akaja kunitazama, akasema: «Mwanangu, walikufundisha kusoma, hawakukufundisha kuinua?» Sikuwa na jibu. Basi leo nawaandikia yale niliyojifunza baadaye.

MGONGO NI KITU GANI

Mgongo wetu ni mifupa mingi iliyopangwa mmoja juu ya mwingine, kama pingili za muwa. Kati ya pingili na pingili pana gegedu, kitu kigumu kidogo na laini kidogo, kama mto mdogo. Pingili za kiuno ni tano. Hizo ndizo zinazobeba uzito mwingi, na zile mbili za chini huumia kuliko zote. Gegedu likipasuka, linaweza kutoka mahali pake na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo sababu mtu aliyeumia kiuno pengine analia maumivu ya mguu mpaka unyayo.

JEMBE LINATUFUNDISHA

Chukua jembe lako. Lishike karibu na chuma, ulinyooshe mbele: ni jepesi. Sasa lishike mwisho wa mpini, ulinyooshe tena: mkono unatetemeka. Jembe ni lile lile, uzito haukuongezeka. Kilichoongezeka ni umbali wa chuma na mkono wako.

Mgongo unafanya vivyo hivyo. Mzigo uko mbele ya kiuno, nayo misuli inayouvuta iko nyuma ya pingili, umbali wa vidole vitatu tu, yaani santimetri 5. Tufanye hesabu. Una kikapu cha kilo 30. Ukikishika mbali, santimetri 60 kutoka kiunoni, umbali huo ni mara 12 ya ule wa misuli. Basi misuli lazima ivute kama kilo 360. Ukikivuta karibu, santimetri 30, ni mara 6 tu, nayo misuli inavuta kama kilo 180. Kikapu ni kimoja, lakini kazi imepungua nusu. Na nguvu hiyo yote inakandamiza yale magegedu.

Tena hatujahesabu mwili wenyewe. Kichwa, mikono na kifua ni karibu nusu ya uzito wa mtu au kupita. Ukiinama sana, vyote vinakwenda mbele, navyo vinakuwa mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

KWA NINI TUCHUCHUMAE

Mtu akichuchumaa, magoti yanafunguka na mzigo unaweza kuingia kati ya miguu, karibu na tumbo. Kisha misuli ya mapaja na ya matako, ambayo ni mikubwa kuliko yote mwilini, inafanya kazi ya kuinua. Sisi tuna bahati. Tangu utoto tunachuchumaa kupika, kumenya mihogo na kuota moto. Vifundo vyetu vya miguu na nyonga havikukauka kama vya watu wanaokaa vitini siku nzima.

Lakini msidanganyike. Kuchuchumaa peke yake si dawa. Wenye elimu waliopima kazi hii waliona kwamba kama mzigo ni mpana na hauingii kati ya magoti, mtu aliyechuchumaa anaweza kuushika mbali zaidi kuliko mtu aliyeinama. Hapo mgongo haukupata faida, nayo magoti yameteswa bure. Tena kuchuchumaa kunachosha pumzi, kwa sababu unainua mzigo na mwili wako pamoja. Kwa hiyo anayeokota vitu vyepesi, mara nyingi kwa siku, si kosa akiinama kidogo. Sheria ya kwanza ndiyo hii: MZIGO UWE KARIBU NA MWILI. Kuchuchumaa ni njia ya kuifuata sheria hiyo.

NAMNA YA KUINUA

1. Jaribu mzigo kwanza. Usukume kwa mguu ujue uzito wake. Angalia njia utakayopita.

2. Simama karibu kabisa, mguu mmoja huku na mmoja huku, mmoja mbele kidogo ya mwingine. Nyayo zote zikanyage chini. Kisigino kikiinuka, uzito unakwenda vidoleni, na goti linabanwa.

3. Shuka kwa kukunja nyonga na magoti. Magoti yaelekee upande wa vidole vya miguu, yasianguke ndani. Usishuke chini kupita inavyohitajiwa, kwa maana kuanza kuinuka kutoka chini kabisa ni kugumu sana kwa magoti.

4. Shika mfuko chini yake, si pembe za juu. Uvute mpaka uguse mwili.

5. Kaza tumbo kama mtu anayengoja kupigwa ngumi. Mgongo ukae katika umbo lake la kusimama, usijikunje kama upinde.

6. Inuka kwa miguu, polepole. Kifua na matako viinuke pamoja. Matako yakitangulia, umerudi kuinama.

7. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usisokote kiuno na mzigo mkononi. Hilo ndilo kosa langu la siku ile ya soko.

8. Kutua ni kama kuinua. Wengi huumia hapo, kwa sababu wanadhani kazi imekwisha.

SAA YA ASUBUHI

Usiku, mtu akilala, magegedu yananyonya maji na kuvimba. Ndiyo maana asubuhi tu warefu kuliko jioni, kwa santimetri 1 au kupita. Gegedu lililovimba hukazana zaidi mtu akiinama sana. Basi ukiamka, usikimbilie mfuko mzito. Tembea, fagia, chota maji kidogo kidogo. Saa moja ikipita, inua.

UZITO GANI UNATOSHA

Mwaka wa 1967 Shirika la Kazi la Dunia, huko Geneva, lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kupita kilo 55 kazini, na mwanamke apewe mzigo mdogo kuliko huo sana. Mwaka wa 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kanuni kali zaidi ya kuinua kwa mikono: hata mzigo ukiwa karibu, katika kimo kizuri na bila kugeuka, usipite kilo 23. Basi mfuko wa kilo 50 ulio chini si kazi ya mtu mmoja. Ugawe mara mbili, ama muuinue wawili.

Mama zetu wanajua kutembea na mzigo kichwani. Mwaka wa 1986 walipimwa wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu, ikaonekana kwamba mzigo usiopita sehemu moja katika tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea kazi ya pumzi wakitembea. Mwanamke wa kilo 60, mzigo huo ni kilo 12. Kwa mgongo, hatari kubwa iko katika kuinua mzigo kutoka chini na katika kuutua. Kwa hiyo tusimwache mama ajitwike peke yake. Kutwishana ni desturi njema ya wazee wetu, tuishike.

Nawashauri jambo moja zaidi. Kando ya shamba, na tena njiani, jengeni kichanja cha miti chenye kimo cha kiuno. Jazeni kikapu au mfuko juu ya kichanja, si chini. Hapo mzigo unaingia begani au kichwani bila mtu kuinama. Watu wawili wanakijenga kwa asubuhi moja, nacho kitasaidia kijiji chote.

ALAMA ZA HATARI

Kiuno kikiuma kidogo baada ya kazi, usilale kitandani siku nyingi. Tembea, fanya kazi nyepesi, nacho mara nyingi kitapona. Lakini mguu ukifa ganzi au ukikosa nguvu, au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje soko lipite.

Wandugu, vijana wengi wamekwenda migodini, nayo mashamba yamebaki kwa mama na wazee. Mgongo mmoja ukianguka wakati wa kupalilia, njaa inaingia nyumba nzima. Basi vuta mzigo karibu, chuchumaa vizuri, gawa kilicho kizito, mwite jirani. Mfuko utafika sokoni hata ukichelewa kidogo, nawe utarudi nyumbani umesimama wima.