Kitabu cha Picha na Mtoto Anayejituma

Leo twataka kuzungumza habari za vitabu vya picha, yaani vile vitabu vyembamba ambavyo ukurasa karibu wote ni picha, na maneno ni mstari mmoja au miwili tu. Wazazi wengi wakikiona kitabu cha namna hiyo hukidharau na kusema, "Hiki si kitabu, ni mchezo." Wengine huongeza kwamba mtoto wa Kirua Vunjo hana haja ya kufundishwa na kitabu namna ya kujitegemea, kwa kuwa huanza kazi angali mdogo: hufukuza kuku wasiharibu kahawa iliyoanikwa, huchukua mzigo mdogo wa majani ya ng'ombe, humtazama mdogo wake mama anapokwenda sokoni.

Maneno hayo yana kweli, lakini si kweli yote. Kutumwa ni jambo moja, na kujituma ni jambo jingine. Mtoto anayetumwa hufuata neno la aliyemtuma. Mtoto anayejituma huwaza kwanza, huchagua njia, kisha hutenda. Kazi za nyumbani humfundisha lile la kwanza vizuri sana. Kwa lile la pili ahitaji msaada, na kitabu cha picha ni msaada mmojawapo.

Tutazame jinsi kinavyofanya kazi. Mtoto wa miaka mitatu au minne hajui herufi, lakini picha aijua. Akishika kitabu cha maneno matupu, hana budi kumngojea mkubwa amsomee. Akishika kitabu cha picha, hufungua mwenyewe, hukaa anapopenda, hurudi nyuma anapotaka. Tena kuna siri nyingine. Ukurasa huu waonyesha mtoto mlangoni, na ukurasa wa pili wamwonyesha juu ya kilima. Je, alifikaje? Kitabu hakisemi. Msomaji mdogo hana budi kuitengeneza safari hiyo kwa mawazo yake, na hapo ndipo akili yake inapojizoeza kuona jambo ambalo halipo mbele ya macho.

Haya, tutoe mfano. Mwaka 1962 Ezra Jack Keats, mchoraji wa Marekani, alitoa kitabu kiitwacho The Snowy Day. Chasimulia habari za Peter, mtoto mdogo mweusi wa mjini, aliyeamka asubuhi akakuta theluji imefunika kila kitu. Akatoka peke yake. Akatia alama za miguu, akaupiga mti kwa fimbo, theluji ikamwangukia kichwani. Aliwatazama wavulana wakubwa wakirushiana theluji, akatambua mwenyewe kwamba hajafikia umri wao, akajitafutia mchezo wake. Jioni akatia bonge la theluji mfukoni, aliweke kwa kesho. Kabla ya kulala akatazama mfukoni: hamna kitu!

Mtoto wa Kirua aweza kuielewa hadithi hiyo kuliko watoto wengi wa Afrika. Mawingu yakifunguka, huiona theluji ya Kibo kutoka uani kwao, ingawa hajaigusa kamwe. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeuona mlima huu mwaka 1848, aliandika habari alizosikia kwamba kile kitu cheupe kilichong'aa kama fedha, kilipoletwa chini, kilikuwa maji matupu. Basi mfuko wa Peter na habari hiyo ya kale ni jambo moja. Mwulize mtoto, "Bonge lilikwenda wapi?" nawe umngojee. Jibu lake, hata likiwa la ajabu, ni kazi ya akili yake mwenyewe.

Mfano wa pili ni kitabu cha Crockett Johnson cha mwaka 1955. Mtoto aitwaye Harold ashika kalamu ya rangi, achora njia, kisha aifuata. Akipatwa na shida, hachoki kuchora mpaka apate njia ya kurudi kitandani kwake. Watoto wetu hufanya vivyo hivyo kwa kijiti mavumbini na kwa kaa la moto lililozimika, ila mara nyingi hupigwa kwa kuchafua ukuta.

Wala mambo haya si mageni mlimani. O. F. Raum, katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya utoto wa Wachagga, alieleza kwa kirefu michezo ya watoto, jinsi wanavyoiga kazi za wakubwa na kubuni mambo yao wenyewe. Kitabu cha picha hakiondoi mchezo huo, huupa chakula.

Hata nchini kwetu vitabu vya namna hii vyapatikana. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, nao umesaidia kutolewa kwa vitabu vingi vya Kiswahili. Tena John Kilaka, mchoraji aliyezaliwa Sumbawanga, amewachora wanyama waliovaa nguo kama watu, na vitabu vyake vimesomwa hata Ulaya.

Sasa mzazi afanye nini? Kwanza, kitabu asikifungie kabatini kwa kuogopa kisichafuke. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa mtoto kimefanya kazi yake. Pili, asianze kwa kuuliza, "Hii ni herufi gani?" Aulize, "Waona nini? Kisha itakuwaje?" Mtoto akijibu kwa Kichagga, aachwe ajibu. Tatu, asiyekuwa na fedha ashone karatasi chache kwa uzi, mtoto achore humo mgomba, mfereji na mbuzi wao, kisha babu au bibi aketi asimuliwe habari yake.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyezoea kungoja amri tu atangoja amri hata ukubwani, shambani na shuleni pia. Basi jioni hii, kazi zikiisha, mpeni mtoto robo saa na kitabu chake, nanyi mmsikilize.