NYUFA ZA UKUTA NA DARI BAADA YA MATENGENEZO

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Neno hili ni la kweli, lakini lataka kufahamiwa vema. Azibaye ufa asiyejua asili yake huficha ugonjwa tu, wala hauponyi.

Wengi wenu mna nyumba shambani, na baadhi yenu mna jamaa Kariakoo, Dar es Salaam. Nyumba za kale za Kariakoo zilijengwa kwa miti na udongo, kama zile za shambani. Mwenye nyumba akiitengeneza, aghalabu huupiga ukuta huo lipu ya saruji. Baada ya muda nyufa hutokea, na lipu hubanduka. Sababu ni hii: udongo huvimba wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi, bali saruji ni ngumu, haiwezi kuufuata. Tena huzuia unyevu usitoke, na miti iliyo ndani huoza. Ukuta wa udongo hufaa kupigwa lipu ya udongo na mchanga, kisha kupakwa chokaa.

Yakupasa kupambanua nyufa hivi:

1. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu mpya. Mara nyingi hutokea lipu ya saruji ikikaushwa upesi na jua. Usafishe, uloweshe, uuzibe. Siku nyingine, inyunyizie lipu mpya maji kila siku kwa muda wa siku 7.

2. Ufa wa dari ufuatao maungio ya mbao. Mbao zimesinyaa, waweza kuziba. Lakini dari ikilegea au ikiwa na doa la maji, tazama kwanza paa, na kama mchwa hawajala miti yake.

3. Ufa uendao mshazari toka pembe ya mlango au dirisha, au upenyao ukuta. Yamkini msingi umezama, au ukuta umeelemewa. Huu usiufunike kwa lipu.

Ukitaka kujua kama ufa unaendelea, chora alama kwa kalamu ya risasi penye ncha zake, pima upana, andika tarehe. Upime tena kila mwezi hata masika yapite. Usipokua, uzibe. Ukikua, mwite fundi autazame msingi.

Wako watu mjini wavunjao ukuta ili wapanue duka. Ukuta uchukuao paa au ghorofa usiguswe kabla mtaalamu wa ujenzi hajauona. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, na watu zaidi ya 20 walikufa. Basi mlango uliofungika vema jana ukikwama leo, na ufa ukapanuka ghafula, watoeni watu nje kwanza. Habari ya lipu itafuata baadaye.