Neno "Croquette" na Viazi Vilivyokatwa na Jembe

Katika vitabu vya upishi na orodha za vyakula vya hoteli huonekana neno croquette, nalo huwatatiza wasomaji wengi. Hutamkwa "kroketi", na ni neno la Kifaransa. Asili yake ni croquer, maana yake kutafuna kitu kikavu hata kikalia mdomoni. Mwisho wake, -ette, huonyesha udogo, kama sisi tusemavyo kijito kwa mto mdogo. Basi croquette ni kitu kidogo kiliacho mdomoni.

Kufikia mwaka 1706 Waingereza walikuwa wamekwisha kuliandika katika lugha yao. Waholanzi husema kroket, Wahispania croqueta, na Wajapani korokke. Kila watu hutia ndani walicho nacho: Waholanzi nyama katika mchuzi mzito, Wahispania nyama au samaki katika rojo la maziwa na unga, Wajapani mara nyingi viazi. Ya ndani hubadilika, lakini ganda kavu la nje halibadiliki, kwa kuwa ndilo lililoleta jina.

Kwetu jamaa yake ni katlesi ya pwani. Jina hilo limetoka katika neno la Kiingereza cutlet, ambalo nalo lilitoka kwa Wafaransa, côtelette, yaani ubavu mdogo. Lakini katlesi yetu haina ubavu. Ni viazi vilivyopondwa na nyama ya kusaga. Kwa maana, ingestahili zaidi kuitwa croquette.

Mkulima anahusika vipi? Wakati wa kuvuna, viazi vingine hukatwa na jembe na vingine huwa vidogo mno, na wanunuzi huvikataa. Visitupwe. Vipikwe mapema, kabla havijaoza. Ondoa sehemu mbovu, chemsha, mwaga maji yote, uache mvuke utoke. Ponda, tia chumvi na kitunguu, finyanga madonge madogo. Chovya katika yai, zungusha katika chenga za mkate mkavu, kisha kaanga katika mafuta yenye moto. Maji yakibaki ndani, au mafuta yakiwa vuguvugu, ganda halitakauka, na jina litakuwa la uongo.

Jihadharini na jambo moja. Viazi vilivyogeuka rangi ya kijani kwa kupigwa na jua vina sumu, wala moto wa karai hauiondoi. Hivyo visiingie jikoni kamwe.